Kila tunachojenga mezani kinaanguka

Mshauri, salaam.

Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 11. Nilitaka tujifunze pamoja nyumbani juu ya majengo makuu ya dunia, tangu piramidi hadi majengo marefu ya leo. Nilichapisha picha 30, nikazipanga kwa miaka, tukaanza. Siku ya tatu mdogo alikuwa anachora magari nyuma ya picha ya Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki.

Tukahamia kwenye kujenga mifano. Piramidi ya kadibodi ilitoka bapa, haifanani kabisa na ile ya pichani. Kuba la magazeti tulilolibandika juu ya puto lilibonyea usiku. Tao la vitofali vya mbao vya kuchezea halikusimama hata mara moja. Na mkubwa ameona video zinazosema piramidi zilijengwa na viumbe kutoka anga za mbali. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nina karatasi, kadibodi, gundi na vitu vya kawaida vya nyumbani, basi. Tuanze na majengo gani? Tunakosea wapi? Au watoto wa umri huu bado wadogo kwa jambo hili?

Mama wa Wawili

*

Mama wa Wawili, salaam na hongera kwa kuanza.

Si wadogo hata kidogo, na hivyo vitu vitatu vilivyowaharibikia ndiyo somo lenyewe. Mlichokosea ni mpangilio. Picha zikipangwa kwa miaka, mtoto anaona jengo lipi lilitangulia lipi, lakini haoni shida iliyomsukuma fundi kuacha nguzo akatafuta tao, kisha akatoka kwenye tao akafika kwenye kuba. Shida hiyo ni moja tangu zamani: uzito ulio juu unataka kushuka, na usipopata njia ya kushuka wima, unasukuma pembeni. Kwa hiyo geuzeni mpangilio. Anzeni na shida, ijengeni kwa mikono, iacheni ianguke, tafuteni dawa yake, kisha picha ya jengo kubwa ije mwisho. Mtoto ambaye tao lake limeteleza miguu mara nne, ukimwonesha tao la Warumi atajua mwenyewe pa kutazama.

Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, na kwa mdogo dakika 40 zisizidi. Wagawie kazi tangu mwanzo: mdogo apakie uzito na kuhesabu, mkubwa apime pembe na kupiga hesabu za skeli. Ukiwapa kazi moja, mkubwa ataimaliza na mdogo atarudi kwenye magari yake.

Anzeni na chaki na sponji, kabla ya jengo lolote. Laza kipande cha chaki ya ubaoni juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 5, mtoto abonyeze katikati kwa kidole. Kinakatika mara moja. Sasa simamisha vipande vitatu vya urefu sawa, viwe kama mafiga, weka kitabu juu yake, halafu kingine, na kingine. Vinabeba. Chaki ina tabia ya jiwe: hustahimili kubanwa, haistahimili kuvutwa. Mtoto atauliza kuvutwa kumetoka wapi wakati yeye alibonyeza tu. Hapo ndipo pa sponji. Ubavuni mwa sponji ya kuoshea vyombo chora mistari ya wima kila baada ya sentimita 1, kisha ipinde kama boriti iliyolemewa katikati. Mistari ya juu inasogeleana, ya chini inaachana. Chaki ilianza kukatika chini, pale pale mistari inapoachana.

Baada ya hapo toa picha ya Parthenon ya Athens, iliyojengwa kati ya 447 na 432 KK, na umuulize mdogo kwa nini nguzo ni nyingi hivyo. Ziko 8 mbele na 17 ubavuni, kila moja ina kimo cha mita 10.4, na kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya jirani yake ni kama mita 4.3 tu. Jiwe lililolazwa juu yake lingekuwa refu zaidi lingekatika kama chaki. Mti huvumilia kuvutwa kuliko jiwe, lakini nao una mwisho wake. Nyumba za kale za mawe za pwani ya Waswahili zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazikuweza kuvuka zaidi ya kama mita 3. Urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba. Mwambie mkubwa apime chumba mlichomo na kutafuta dari yake inabebwa na nini.

Usiache kuchora nguzo moja ya Parthenon sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Kipenyo chake chini ni karibu mita 1.9, kwa hiyo funga chaki kwenye kamba ya sentimita 95, mtoto mmoja ashike mwisho wa kamba katikati, mwingine azunguke. Wote wawili wataingia ndani ya duara na nafasi ibaki. Hakuna picha ya kuchapisha inayoweza kuwapa hilo.

Sasa piramidi yenu. Ilitoka bapa kwa sababu, bila shaka, mlikata pembetatu zenye kimo sawa na kimo cha piramidi. Pembetatu ya ubavuni imelala, kwa hiyo lazima iwe ndefu kuliko kimo cha jengo. Piramidi Kuu ya Giza ilikuwa na kimo cha karibu mita 147 na upande wa chini wa mita 230. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa mita 10, unataka kimo cha sentimita 14.7 na upande wa 23. Ukikata pembetatu zenye kimo cha 14.7 na kuziinamisha zikutane, piramidi inabaki na kimo cha sentimita 9 na kidogo. Kipimo sahihi cha pembetatu ni kitako sentimita 23, kimo 18.7, na kila mshazari sentimita 21.9. Pembetatu moja inaenea kwenye karatasi moja ya A4 ikilazwa, kwa hiyo unahitaji karatasi nne nzito. Acha ulimi wa sentimita 1 wa gundi kwenye mshazari mmoja wa kila pembetatu, na upitishe rula kwenye mstari wa kukunja kabla ya kukunja, la sivyo kona zitavimba. Mkubwa akifahamu kanuni ya Pythagoras, mwachie hesabu hiyo aitafute mwenyewe kutoka 14.7 na 11.5.

Na hao viumbe wa anga za mbali? Usibishane na video. Mpe mlolongo wa majengo, kwa sababu ndani yake makosa ya binadamu yanaonekana wazi. Karibu mwaka 2650 KK, kule Saqqara, Misri, mfalme Djoser alijengewa kaburi la ngazi sita, na fundi anayetajwa ni Imhotep. Kisha mfalme Sneferu akajenga Dahshur piramidi iliyoanza na mwinamo wa digrii 54 hivi. Katikati ya kazi mafundi wakaupunguza hadi karibu 43, na jengo likabaki na kiuno kilichopinda hadi leo. Ndani yake bado kuna mihimili ya mierezi iliyowekwa kuzuia kuta. Piramidi iliyofuata ya Sneferu, iitwayo Nyekundu, ilijengwa kwa digrii 43 tangu chini. Ni mwanawe Khufu, karibu 2560 KK, aliyerudi kwenye mwinamo mkali wa kama digrii 52 na kufaulu. Mtu aliyejua kila kitu tangu mwanzo hapindishi jengo katikati ya kazi. Tena, mwaka 2013 ziligunduliwa Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, karatasi za mafunjo za msimamizi aitwaye Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Ni daftari la kazi, lenye safari na siku zake.

Mdogo naye apewe kikombe cha mchanga mkavu aumimine taratibu mahali pamoja. Rundo litajitengenezea mwinamo wake, kati ya digrii 30 na 35, na akiongeza mchanga utateleza na kurudi pale pale. Kipimapembe cha kadibodi kitamwonesha. Ndipo aelewe kwamba digrii 52 hazipatikani kwa kurundika. Lazima mawe yapangwe.

Kwenye tao ningewaomba mkae wiki mbili nzima, maana tao likieleweka, yanayofuata yote ni ndugu zake. Anzeni na miili. Watoto wasimame wakitazamana, wakutanishe viganja juu ya vichwa, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma hatua moja. Wewe bonyeza viganja kwa upole kuelekea chini. Wataisikia miguu ikitaka kuteleza nje. Weka mto mzito au ukae nyuma ya miguu ya mmoja wao, na wataisikia tofauti papo hapo. Wasogeze miguu karibu, tao lisimame wima zaidi, ubonyeze tena: msukumo wa pembeni umepungua. Likumbukeni hilo, litarudi.

Vitofali vyenu vya kuchezea vilishindwa kwa sababu vina pande sambamba. Ukivipanga kwa mviringo vinagusana kwa ndani tu na kuacha mianya kwa nje, hivyo kila kimoja kinazunguka na kuanguka. Mnahitaji vitofali vilivyopanuka kwa nje. Hivi hapa vipimo vya tao la nusu duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 8 kwa ndani na 12 kwa nje, kwa vitofali 9. Namba iwe witiri ili kimoja kikae kileleni peke yake. Digrii 180 ukigawa kwa 9 unapata 20 kwa kila kitofali. Umbo lake ni trapeza: upande wa ndani sentimita 2.8, wa nje 4.2, na pande mbili za mshazari sentimita 4 kila mmoja.

Usikate kimoja kimoja. Kata tepe 9 za kadibodi ya maboksi, kila moja urefu wa sentimita 30 na upana 3.9. Pembeni mwa utepe weka alama kwa kupokezana, 2.8 kisha 4.2 kisha 2.8, na upande wa pili uanze na 4.2, ukiunganisha alama kwa mistari ya mshazari. Kila mkato unahudumia vipande viwili, kimoja kimesimama na cha pili kimepinduliwa. Utepe mmoja unatoa vipande 8. Vibandike kwa gundi kimoja juu ya kingine na umepata kitofali kimoja chenye kina cha sentimita 3 hivi, kutegemea unene wa kadibodi. Viache vikauke usiku kucha chini ya kitabu. Kisu ashike mtu mzima.

Kisha kiunzi cha kushikilia tao linapojengwa. Kata nusu duara za kadibodi kadhaa na uzibandike pamoja hadi zifikie kina cha sentimita 3. Nusu kipenyo chake kiwe sentimita 7.9, si 8, kwa sababu tumbo la vitofali limenyooka na katikati yake linaingia ndani kidogo. Ukiweka 8 kamili, vitofali vitainuliwa na kile cha kileleni hakitaingia. Kiunzi kisilale moja kwa moja juu ya meza. Kiweke juu ya vipande viwili vya kadibodi vya milimita 3 au 4, na nusu kipenyo chake kisihesabu vipande hivyo: punguza chini yake kiasi hicho hicho ili kilele kibaki mahali pake. Vitabu vizito viwili, kimoja kila upande, vishike miguu. Panga vitofali kutoka pande zote mbili kwa zamu, kushoto na kulia, na cha kileleni kiwe cha mwisho. Sasa vuta vile vipande vya chini, kiunzi kishuke kidogo bila kugusa tao, ndipo ukitoe. Matao mengi ya mezani huanguka hapa, kwa kiunzi kuchomolewa kwa nguvu kikiwa bado kimebanwa.

Likianguka, tazameni limeangukia wapi kabla ya kukusanya. Likifunguka kileleni na miguu ikawa mbali kuliko mwanzo, vitabu vilisogea, ongezeni uzito. Kitofali kimoja kikichomoka kikiwa kizima, pembe zake hazikukaa sawa, kilinganishe na wenzake. Na msijaribu kulifanya jembamba ili lipendeze: tao la nusu duara ambalo unene wake haufiki hata moja ya kumi ya nusu kipenyo haliwezi kusimama peke yake hata vitofali vikiwa kamili. Lenu lina unene wa 4 kwa nusu kipenyo cha kati cha 10, kwa hiyo linawasamehe mengi. Likishasimama, mdogo alipakie kileleni sarafu moja moja, kisha aondoe kitabu cha upande mmoja taratibu na kuona kinachofuata.

Picha ya siku hiyo ni Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, daraja la maji la Warumi la karne ya 1 BK: safu tatu za matao, kimo cha karibu mita 49. Waulize nani anashika miguu ya matao ya katikati. Jibu ni jirani. Kila tao linamsukuma mwenzake na kusukumwa naye. Waulize tena nani anashika ya mwishoni, na uwaache watafute kilima pichani.

Kama kuna mkufu nyumbani, ushikilieni kwa ncha mbili mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, muufuatishe kwa penseli, kisha mgeuze karatasi juu chini. Mkufu unaoning'inia umevutwa tu, hivyo umbo lake likigeuzwa linabanwa tu. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alilitangaza wazo hilo mwaka 1675, na msanifu majengo wa Hispania Antoni Gaudí alilitumia kwa kuning'iniza nyuzi zenye vifuko vya uzito alipokuwa anasanifu kanisa la Colònia Güell.

Kuba ni tao lililozungushwa, na lenu lilibonyea kwa sababu mbili. Hewa ya ndani ya puto hupoa na kusinyaa usiku, tena puto huvuja, na karatasi mbichi inalifuata puto ndani. Pia tabaka nyingi zikibandikwa kwa mkupuo mmoja, za ndani hazikauki na uzito wa maji unazivuta chini. Acheni puto. Geuzeni bakuli la mviringo lenye kipenyo cha kama sentimita 22, lifunikeni kwa plastiki nyembamba, na mtumie gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Magazeti yachanwe kwa mkono, vipande vya sentimita 3 kwa 10. Kingo zilizochanwa hushikana vizuri kuliko zilizokatwa kwa mkasi. Bandikeni tabaka mbili mbili, mkiziacha saa 24 kabla ya kuongeza nyingine.

Unene usiwe sawa. Tabaka 6 chini, 4 katikati, 2 juu, maana ndivyo Pantheon, hekalu la kale la Roma, ilivyojengwa. Ilikamilika karibu mwaka 126 BK chini ya mfalme Hadrian, na kuba lake la zege lisilo na chuma lina kipenyo cha mita 43.3, sawa kabisa na kimo chake kutoka sakafuni. Unene ni kama mita 6.4 kwenye kitako na hupungua hadi 1.2 karibu na tundu la juu. Zege yenyewe ilichanganywa tofauti: mawe mazito chini, na kileleni mawe mepesi ya volkano yenye vitundu. Tundu lina upana wa takriban moja ya tano ya kipenyo, kwa hiyo kwenye bakuli lenu likate la sentimita 4.5. Zimeni taa, mulikeni tochi kutoka juu mkiizungusha taratibu, na duara la mwanga litatembea kwenye kuta za ndani kama la jua linavyotembea kule Roma.

Ili waone kuba linasukuma wapi, kata mpira wa plastiki katikati, kisha chana nusu yake kwa mikato 8 kutoka ukingoni kwenda juu, uishie sentimita 3 kabla ya kilele. Ubonyeze: unachanua kama ua. Valisha ukingo ukanda wa mpira na ubonyeze tena. Ukanda huo ndio historia nzima ya makuba. Warumi waliweka kuta nene badala yake. Hagia Sophia ya Istanbul, iliyojengwa kama kanisa miaka 532 hadi 537 na Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, ilipewa kuba la upana wa mita 31 hivi lililokuwa bapa mno. Likaanguka mwaka 558. Lililokamilishwa mwaka 562 liliinuliwa zaidi. Waulize watoto kwa nini kuinua kulisaidia, na uwakumbushe viganja vyao na miguu iliyosogezwa karibu. Filippo Brunelleschi, aliyejenga kuba la kanisa kuu la Florence kati ya 1420 na 1436, alizika mikanda ya mawe na ya mbao ndani ya kuba lenyewe.

Makanisa marefu ya Ulaya ya zama za kati yapitieni kwa haraka, kwa sababu wazo mmeshalipata: tao lililochongoka husukuma kidogo kuliko la nusu duara, na kile kinachobaki kinapokelewa nje na miega ya mawe. Kunja kadibodi mbili kuwa kuta, zifunike kwa paa lililochongoka, pakia, kuta zitafunguka. Egemeza rula mbili kwa nje. Mkubwa atapenda kujua kwamba kule Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari ya mawe hadi karibu mita 48, na sehemu yake ikaanguka mwaka 1284.

Pumzikeni na kujenga kwa siku moja, mchonge. Makanisa 11 ya Lalibela, Ethiopia, hayakujengwa kwa kuweka jiwe juu ya jiwe. Yalichongwa kutoka mwamba mzima, na Bete Giyorgis, lenye umbo la msalaba, lilichongwa kutoka juu kwenda chini. Mpe kila mtoto kipande cha sabuni mpya, kwa kuwa ya zamani hupasuka. Achore msalaba juu, achimbe mtaro kuuzunguka kwa mpini wa kijiko, na mtaro ukishafika kina chake ndipo afungue mlango na kutoa sabuni ya ndani kupitia hapo hapo. Mdogo mara nyingi huanza na ndani, na ukuta unavunjika. Hapa hakuna kubandika tena, na ndilo jambo zito la Lalibela.

Ukuta usio na chokaa haukosi thamani mezani. Kokoto bapa zinatosha kuonesha jinsi Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe, inavyosimama: uzio wake mkubwa una mzunguko wa karibu mita 250 na unafika mita 11 kwenda juu, granaiti tupu, bila chochote cha kugandisha, upana ukipungua kadiri unavyopanda. Hapa mkubwa arudi kwenye video zake. Wakoloni nao walidai kwamba Waafrika hawakuweza kujenga mahali hapo. Waakiolojia walithibitisha kwamba ni kazi ya mababu wa Washona. Muulize kwa nini madai ya namna hiyo huangukia mara nyingi majengo ya bara hili.

Mwisho ni chuma, na kwa chuma unatosha mraba mmoja. Vijiti vinne vya kadibodi vilivyofungwa kwa pini kwenye kona vinalala upande ukivisukuma. Ongeza kijiti cha tano cha mshazari na hakisogei kitu. Kisha toeni picha ya Mnara wa Eiffel wa mwaka 1889, wenye vipande 18,038 na ribiti milioni 2.5, na mdogo ahesabu pembetatu mpaka achoke.

Zile picha 30 hazijapotea. Kila jengo likishajengwa, kateni umbo lake kwa skeli ile ile ya sentimita 1 kwa mita 10 na mlibandike ukutani kwenye mstari mmoja wa chini. Parthenon itakuwa na kimo cha sentimita 1.4 kando ya piramidi ya 14.7, Mnara wa Eiffel 33, na Burj Khalifa ya Dubai karibu 83. Mtoto mwenyewe, mwenye mita 1.2, ni nukta ya penseli ya milimita 1.2, mwache aiweke. Miaka ipewe kamba: sentimita 1 kwa miaka 10, piramidi ya Khufu mwanzoni, leo ikiwa mita 4.6 mbele. Parthenon inaangukia mita 2.1, Pantheon 2.7, Hagia Sophia 3.1, Mnara wa Eiffel 4.45. Wapime umbali kutoka Pantheon kwenda pande zote mbili, waone kwamba iko karibu nasi kuliko ilivyo karibu na piramidi.

Kwa wiki ya kwanza chaki, sponji na vitabu vinatosha. Siku hiyo hiyo kata zile tepe 9 za tao na uanze kubandika vitofali vitatu vitatu kila jioni. Andika namba kwenye kila kimoja, 1 hadi 9, kwa kuwa hakuna viwili vitakavyotoka sawa kabisa, na tao lililosimama leo litasimama kesho kwa mpangilio ule ule.